Kwa Nini Besi Inayonguruma Kwenye Hedifoni Hupotea Jukwaani

Wapiga besi wengi wa Moshi na Arusha wanaijua hali hii. Ijumaa usiku umekaa chumbani na maltiefekti yako (kile kisanduku cha kubadili sauti ya gitaa), hedifoni masikioni, umetengeneza sauti nzito yenye kishindo, umeihifadhi, umelala na amani. Jumapili kwaya inasimama, dramu zinaingia, mpiga kinanda anaweka mikono yote miwili, na ile sauti haipo. Kuna mngurumo tu, noti hazitambuliki, na fundi mitambo anakutolea macho kana kwamba umepasua spika. Unaongeza besi. Hali inazidi kuwa mbaya.

Kabla ya kulaumu kifaa, inafaa kujua kinafanya nini. Maltiefekti ni kompyuta ndogo. Mtikisiko wa uzi unaingia kama umeme, unapimwa mara 44,100 au 48,000 kwa sekunde kutegemea kifaa, unapigiwa hesabu, kisha unarudishwa kuwa umeme unaoelekea kwenye spika. Kompresa ya kusawazisha nguvu za noti, okteva ya kuongeza noti ya chini, korasi ya kutanua sauti, hata ile picha ya amplifaya ya zamani kwenye skrini, zote ni hesabu zilizopangwa foleni. Kila moja hupokea kile ilichoachiwa na iliyo mbele yake. Iwe ni Zoom B1 Four inayokubali efekti tano kwa mpigo, Boss GT-1B, au Line 6 HX Stomp yenye bei ya kutisha, maswali ni yaleyale: nini kinatangulia, kwa kiwango gani, na sauti inatokea kwenye spika ya aina gani.

Zile pachi za kiwandani, yaani sauti zilizopangwa na kuhifadhiwa tayari ndani ya kifaa, zisikuzuzue. Zimetengenezwa ziuze kifaa. Mteja yuko dukani, amevaa hedifoni, yuko peke yake, ana dakika chache, lazima ashangae. Kwa hiyo zimejaa rivebu (mwangwi), korasi na besi pana ya chini, vitu ambavyo bendi ikianza kupiga huzama vya kwanza. Mimi nikishika kifaa kipya naanzia kwenye pachi tupu, isiyo na efekti hata moja, naisikiliza hiyo kwanza. Ikiwa sauti tupu haikuridhishi, shughulika na nyuzi, na urefu wa pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti, kutoka kwenye nyuzi, au na betri ya volti 9 iliyomo ndani ya gitaa kama besi yako ni ya aktivu. Betri hiyo huliwa muda wote waya ukiwa umechomekwa kwenye gitaa, hata kama hupigi. Wangapi huacha besi imechomekwa tangu mazoezi ya Jumamosi hadi ibada ya pili!

Sasa foleni yenyewe. Tyuna hukaa mwanzo kabisa, inapoona sauti safi ya uzi. Baada yake huja efekti zinazohitaji kuusoma mkono wako. Filta ile inayofanya besi iseme "wau" hufunguka kulingana na nguvu ya kidole. Ukiitanguliza kompresa, nguvu zote zitakuwa zimeshasawazishwa, na filta itabaki imefunguka vilevile kwa kila noti. Okteva nayo inataka noti moja iliyo safi. Ukiiweka nyuma ya distosheni inachanganyikiwa, inatoa mikoromo na kurukaruka.

Okteva inastahili maneno zaidi kwa sababu ndiyo inayolalamikiwa kuliko zote. Uzi wa E wa besi hutikisika mara 41 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua kama milisekunde 24, na uzi wa B kwenye besi ya nyuzi tano unachukua zaidi ya 32. Kifaa hakiwezi kujua umepiga noti gani kabla uzi haujazunguka walau mara moja, kwa hiyo kuchelewa kidogo huko chini ni jambo la maumbile. Hata Boss OC-2 ya mwaka 1982, iliyokuwa ya analogi, ilibabaika kwenye noti za chini. Halafu okteva moja chini ya E ni kama Hz 20, yaani mitikisiko 20 kwa sekunde, sauti ambayo spika za kanisani kwako hazina uwezo nayo. Unachoma nguvu za amplifaya kusukuma kitu kisichosikika. Dawa ni kupanda juu ya shingo. Piga G ya freti ya tano kwenye uzi wa D, Hz 98, okteva ikuwekee Hz 49 chini yake. Hapo utasikia unene halisi, na kifaa hakitababaika.

Kompresa ndiyo efekti ambayo wapiga besi wengi huwasha bila kujua inafanya nini, na kwa kuwa haina rangi inayosikika haraka, huongeza mpaka gitaa linakufa. Kazi yake ni kushusha noti zinazozidi kiwango. Tuseme kizingiti umekiweka desibeli 20 chini ya sifuri, sifuri ikiwa kiwango cha juu kabisa cha kifaa, na uwiano ni 4 kwa 1. Umechapa noti iliyofika desibeli 8 chini ya sifuri, yaani imevuka kizingiti kwa 12. Kompresa inagawa zile 12 kwa 4, inakuachia 3. Noti inatoka ikiwa 17 chini ya sifuri. Umepoteza desibeli 9. Noti laini ambayo haikufika kwenye kizingiti imepita bila kuguswa. Tofauti kati ya kidole kikali na kidole kilegevu imepungua, ndipo unapoinua kiasi cha jumla ili noti zote zisimame mbele. Kama kioo cha kompresa kinaonyesha unapoteza desibeli 3 hadi 6 kwenye noti kali, inatosha. Ukiona 15, umekwisha kuua mguso wako.

Ataki na rilizi ndizo zinazoamua kama utachezesha watu. Ataki ni muda ambao kompresa inasubiri kabla ya kukamata. Ukiiweka fupi mno, inakata ule mgongano wa kidole na uzi, na mgongano huo ndio unaomwambia msikilizaji kwamba noti imeanza. Milisekunde 30 hivi huupa nafasi ya kupita. Rilizi ni muda wa kuachia, na huu huwekwa kwa kuangalia mwendo wa wimbo. Kwenye sebene la mapigo 130 kwa dakika, nusu ya pigo ni milisekunde 230. Ikiwa rilizi yako ni 500, kompresa haijaachia noti ya kwanza wakati ya pili na ya tatu zinaingia; besi yote inashuka na kubaki chini, na utadhani spika imechoka. Weka kati ya 100 na 150, noti zitapumua. Wimbo wa kuabudu wenye mwendo wa pole unavumilia rilizi ndefu zaidi.

Distosheni na ovadraivu zinafuata, na hapa ushauri ni mfupi: tafuta kitufe cha mchanganyiko. Efekti hizi hukata vichwa vya mawimbi na kuzalisha sauti nyingi za juu. Kwa gitaa la solo ni utamu, kwa besi chini panabaki patupu. Ukichanganya nusu ya sauti safi na nusu ya iliyokwaruzwa, unabaki na msingi huku ukipata ule ukali. Na hata kama hupendi mikwaruzo, ovadraivu kidogo, kiasi ambacho ukipiga peke yako ndipo kinasikika na bendi ikiingia kinatoweka, husaidia besi ijitokeze.

Inasaidia kwa sababu ya jinsi masikio yanavyosikia besi. Uzi wa E unapotikisika hutoa Hz 41, lakini pia hutoa 82, 123, 164 na kuendelea, zikipanda. Sikio likipata zile za juu, ubongo hujijazia ile ya chini hata kama spika haikuitoa. Ndiyo maana unaifuata besi ya wimbo kwenye simu ndogo isiyoweza kabisa kutoa Hz 41. Ampeg SVT, amplifaya ya mwaka 1969 ambayo karibu kila maltiefekti ya besi ina nakala yake kwa jina la kuzugia, inajulikana kwa kabineti yake ya spika nane za inchi 10. Vipimo vya kabineti hiyo huandikwa Hz 58 hadi 5,000. Sauti inayosifiwa duniani kwa uzito huanza kulegea kabla hata haijafika kwenye E ya chini. Uzito wake unakaa juu zaidi ya pale tunapoushindilia sisi.

Ndipo tunarudi chumbani Ijumaa usiku. Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell huko Marekani walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu ni zito kwa sauti za chini pale kiasi kinapokuwa kidogo, na kadiri kiasi kinavyopanda uzito huo unapungua. Ukitengeneza pachi kwa sauti ndogo ili usiamshe majirani wa mtaa wa Pasua, Moshi, utaongeza besi mpaka uisikie. Pachi ileile ikipigwa kwa kishindo cha ukumbini, ile besi uliyoongeza inafumuka. Ongeza kuta za saruji na vigae sakafuni, ambavyo huzungusha sauti za chini bila kuzinyonya, na mngurumo umepata makazi. Hedifoni hazina ukuta. Haziwezi kukuonya.

Kwa hiyo kwenye ikwalaiza ya pachi fanya kinyume cha kile mkono unachotaka. Kata chini ya Hz 35 au 40 kwa filta ya kukata chini. Hupotezi noti, unaondoa tope na kuipunguzia spika kazi ya bure. Shusha kidogo kati ya 200 na 300 ambako kick (dramu kubwa ya mguu), mkono wa kushoto wa kinanda na sauti ya nne ya kwaya wote wanagombania kiti. Kisha pandisha desibeli 2 au 3 kati ya 700 na 900. Ukipiga peke yako utaichukia sauti hiyo. Inasikika kama pua. Ndani ya bendi ndiyo inayomfanya mtu wa viti vya nyuma ajue umepiga noti gani. Rivebu izime kabisa, ukumbi unayo ya kutosha. Korasi iache kwa wimbo wa taratibu, tena kidogo.

Na kabla hujagusa kitufe chochote, zungumza na mpiga kinanda. Kama anapiga besi kwa mkono wa kushoto wakati na wewe unapiga, hakuna efekti iliyowahi kutengenezwa Japani au Marekani itakayotibu mkono huo.

Mwisho wa foleni kuna swali ambalo watu hulisahau: waya unaotoka kwenye kifaa unaenda wapi? Ukiingia kwenye amplifaya ya besi yenye spika yake, zima nakala ya kabineti ndani ya kifaa. Ukiiacha, sauti inapita kwenye kabineti mbili, ya hesabu na ya mbao, na inatoka kama mtu anayezungumza ndani ya pipa. Ukiingia moja kwa moja kwenye miksa, iwashe, kwa sababu spika za ukumbi hutoa kila kitu hadi mlio wa kucha kwenye uzi. Mwanamuziki anayepiga hotelini Arusha Jumamosi kwa kutumia amplifaya, kisha Jumapili anaingia kwenye miksa ya kanisani Moshi, anahitaji nakala mbili za pachi zake. Vifaa vingine vina kipengele cha mipangilio ya jumla kinachobadilisha pachi zote kwa mara moja. Kitafute kabla hujaanza kunakili moja moja.

Miksa ikiwa nyuma ya ukumbi, mita 20 au zaidi, usivute waya wa jeki wa kawaida kutoka jukwaani. Waya mrefu wa aina hiyo hukusanya kila kelele njiani. Tumia DI boksi, kile kisanduku kidogo kinachogeuza jeki kuwa kanoni (plagi ya XLR ya pini tatu), uende nyuma kwa waya wa maiki. Wapo mafundi wanaounga jeki upande mmoja na kanoni upande wa pili kwa mkono. Waya huo unafanya kazi hadi siku mtu atakapowasha volti 48 za maiki za kondensa kwenye chaneli yako. Umeme huo unarudi kwenye mlango wa kutolea sauti wa kifaa, na ukarabati wake si wa mchezo.

Umeme unahitaji aya yake. Pedali nyingi hutumia volti 9 za DC, hasi ikiwa katikati ya pini na chanya nje. Adapta za vinanda vingi vya Yamaha hutoa volti 12, chanya katikati, na pini inaweza kuingia kwenye tundu bila ubishi wowote. Soma alama iliyochorwa juu ya adapta, kile kiduara chenye nukta na alama za kujumlisha na kutoa, kila mara unapoazima. Angalia na ampea pia: HX Stomp huja na adapta ya ampea 3, ukiipa ya miliampea 500 haitawaka au itazimazima. Zoom B1 Four na Boss GT-1B zinakubali betri nne za AA, na kwa miji yetu ambako umeme hukatika katikati ya pambio na jenereta kuchukua muda kunguruma, betri ni busara. Kifaa kilichozimika huchukua sekunde kadhaa kuamka, na huenda kikaamkia kwenye pachi ambayo siyo uliyokuwa ukiitumia.

Ule mvumo usioisha kwenye spika unatokana na umeme huohuo. Wa TANESCO una Hz 50, na noti ya G, freti ya tatu kwenye uzi wa E, ni Hz 49. Mvumo umekaa karibu juu ya noti unayoitumia kila wimbo. Ishikilie G hiyo huku mvumo upo na utaisikia ikipanda na kushuka kama mara moja kila sekunde. Gitaa halijaachia tyuni, ni mawimbi mawili yanayogongana. Noizi geti haiondoi mvumo. Hufunga mlango ukinyamaza, ukianza kupiga mvumo umerudi, na juu ya hapo hukata mikia ya noti ndefu. Anza kwa kuchomeka kifaa na amplifaya kwenye eksitensheni moja, kisha bonyeza kitufe cha kutenganisha ethi kwenye DI boksi. Kinachofanywa na baadhi ya watu, kukata pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya, usikifanye wala usikubali kufanyiwa. Siku amplifaya ikiwa na hitilafu, umeme utapita kwenye nyuzi na mikono yako hadi kwenye maiki unayoimbia.

Baada ya hayo yote, pachi tatu zinatosha ibada nzima au usiku mzima wa hoteli. Ya kwanza ni sauti safi yenye kompresa na ikwalaiza, hii itabeba kazi karibu yote. Ya pili ni hiyohiyo ikiwa na ovadraivu iliyochanganywa, kwa sebene na sehemu zinazohitaji kusukuma. Ya tatu ina okteva au korasi kwa wimbo wa pole. Ziweke zikifuatana, ili mguu usiruke benki (kundi la pachi). Kwenye vifaa vingi kuna pengo dogo la ukimya unapohama pachi. Ukiweza kubaki ndani ya pachi moja na kuwasha au kuzima efekti moja tu, fanya hivyo, na kama ni lazima kuhama, hama kwenye mapumziko ya wimbo.

Viwango vya pachi hizo visipimwe kwa hedifoni wala kwa macho. Fika mapema, mwombe mpiga dramu apige mapigo ya kawaida kwa nguvu anayoitumia kweli, na wewe pita kwenye pachi zote tatu huku mtu mwingine amesimama katikati ya viti. Ovadraivu husikika kubwa ukiwa peke yako na kupotea dramu zikiingia. Huenda ukaipandisha desibeli 2 au 3. Okteva kinyume chake, huwa inahitaji kushushwa. Hifadhi papo hapo. Vifaa vingine huhifadhi vyenyewe kila ukigusa kitufe, jambo zuri hadi kiatu cha mwimbaji kinapozungusha kitufe cha kompresa na kosa hilo nalo likahifadhiwa. Ikiwa chako kina tabia hiyo, izime baada ya kumaliza kupanga. Kisha chomeka waya wa USB, nakili pachi zako kwenye kompyuta, hasa kama una tabia ya kuwaazima vijana wa kwaya nyingine kifaa chako katikati ya wiki.